Sungura wa Kaka

Kaka yangu alipochukuliwa kwenda vitani, alimkabidhi baba sungura wake wawili, jike na dume. Baba hakuwapenda. Alisema wanakula mchana kutwa na hawatoi hata yai. Lakini ilikuwa amana ya mwanawe, kwa hiyo pale kwetu Kilangala alianza kuwakatia majani kabla ya kwenda kwenye mikorosho.

Masika jike akashikwa na ukurutu. Masikio yakaota magamba, akawa anajikuna mpaka damu. Baba alichanganya kiberiti upele na mafuta ya nazi, akampaka, mimi nimeshika miguu. Dume alikuwa mzima, lakini naye akapakwa kwa kuwa walilala pamoja. Magamba yakaanza kudondoka, na baba akaanza kupiga miluzi, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu kaka aondoke.

Angeishia hapo. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kuacha kazi ilipofikia. Alisema wadudu wamejificha kwenye mbao za banda. Nguzo za nyumba yetu zilipakwa mafuta ya maganda ya korosho, na mchwa hawakuzigusa, basi akalipaka na banda, ndani na nje, akaliacha juani mpaka akaridhika kuwa limekauka. Mafuta yale huunguza ngozi. Sote tulikuwa na makovu yake vidoleni. Ila nani alikumbuka kwamba sungura hutafuna mbao?

Asubuhi midomo yao ilikuwa imevimba, nyayo zimechubuka.

"Baba watoto, hawali," mama alisema.

"Watakula."

Hawakula. Jike alipoanza kulegea shingo, baba alichukua kisu, akawaelekeza kibla wote wawili, wasije wakafa kibudu. Mama akapika. Tulikula. Sikulia, wala sikuona ajabu kwamba silii.

Vita vilipokwisha, kaka alirudi. Baba alikuwa amejiandaa. Nilimsikia kule mikoroshoni akiyapanga maneno yake peke yake. Kaka alikaa barazani, akatazama pale banda lilipokuwa, akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza siku ile, wala mwaka ule. Kila walipokula sinia moja, baba alimtazama mdomo, akingoja.

Baba tulimzika hajaulizwa.