Siku Niliyoipaka Kamera ya Babu Rangi ya Bodaboda

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi ile niliyoichukua kamera ya babu, nikaisugua juujuu kwa msasa, kisha nikaipulizia rangi nyekundu ya tangi la bodaboda. Nilipomaliza nikarudia tena, ikolee. Juu yake nikabandika stika inayosema "Pole Pole Bosi". Nakiri mapema ili tusisumbuane huko mbele.

Najua unacheka. Unajiuliza, mzee gani huyu anatoa nasaha huku kavaa sare ya kidato cha tatu na chunusi zimemjaa usoni? Sikiliza. Uzee ni mambo uliyoyaona, nami nimeona mama yangu akinyamaza. Kaa chini.

Babu Mfaume anaishi Masaki, kule Kisarawe. Kabla hajarudi kwenye mihogo na mikorosho yake alikuwa mpiga picha. Kamera yake ni ya filamu, nzito kama tofali, haina betri wala kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Ukichungulia, katikati ya dirisha lake unamwona mtu ana pua mbili, kana kwamba ni wewe uliyepigwa kofi. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka pua mbili zinakuwa moja. Zikikutana, bonyeza, picha itatoka safi. Sasa hayo yote nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba mbele ina vidirisha viwili, kikubwa na kidogo, na kile kidogo nikakidhania ni taa iliyoungua.

Ilinifikiaje? Bibi Zaina, dada mkubwa wa babu, alikuwa anahama Masaki kwenda kuishi na binti yake huko Janga. Bibi huyu hapigwi picha kwa simu. Alipigwa mara moja na mjukuu wake, simu ikaibiwa, akaapa kwamba sura yake haitatembea tena kwenye mifuko ya vibaka. Lakini kabla ya kuondoka alitaka picha moja, amesimama kwenye mlango wa nyumba aliyozeekea, na ampige mdogo wake kwa kamera ileile iliyopiga harusi za watoto wake wote. Ikapangwa iwe Idi, kabla gari halijaja kumchukua. Mama yangu, anayefanya kazi Dar, alihangaika mpaka akapata filamu moja. Babu akanikabidhi kamera nimpelekee mama nyumbani kwetu Kibaha, aitie filamu, aje nayo ikiwa tayari.

"Wewe ibebe tu," akasema babu.

Ibebe tu! Mwanangu, mimi na hiyo "tu" hatujawahi kuelewana. Nilipoitazama nyumbani, nikaiona imechakaa. Rangi yake nyeusi ilikuwa imechubuka kwenye kona na kando ya kitufe, shaba inachungulia, kama kuku aliyetoka kwenye ugomvi. Nikasema, Idi hii babu atanishukuru mpaka achoke. Nikamfuata rafiki yangu Side, ambaye kaka yake anapaka rangi pikipiki. Lenzi niliifunika kwa karatasi ya gundi, dirisha kubwa nalo nikalifunika, mimi si mjinga sana. Kile kidirisha kidogo, taa iliyoungua, nikakipulizia kikamilifu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Side akapiga mluzi: "Mwanangu, hii hata ikikosa filamu inapiga!"

Mama alipoiona alikuwa kwenye cherehani yake, maana Jumamosi hushona. Akaitazama kamera. Akanitazama mimi. Akairudia kamera. Akaweka filamu bila kusema neno, akairudisha kwenye mfuko. Nilimsubiri agombe. Hakugomba. Ungekuwa na mama kama wangu ungejua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Jioni ndipo akasema, "Utampelekea mwenyewe. Mimi nitakuwepo kutazama."

Siku ya Idi tukafika Masaki. Njia nzima nilikuwa natunga uongo: rangi ilimwagika, paka, mvua, wachawi. Nilipomwona babu kwenye kanzu yake nyeupe, uongo wote ukanikimbia.

"Shikamoo babu. Nimeipaka rangi kamera yako."

"Marahaba." Akaipokea, akaigeuza. "Hii ni kamera au tunakwenda nayo sheli?" Akachungulia. Uso wake ukabadilika. Akafuta kwa pindo la kanzu, akachungulia tena. "Umeipofua, mjukuu wangu. Hako kadirisha ndiko jicho lake la pili. Pua ya pili siioni, naona moja tu hata nikizungusha pete."

Aliijaribu rangi kwa ukucha, haikutoka. Mjomba akaleta kisu, babu akamzuia. Kioo kikikwaruzwa, basi tena. Thina ya kutolea rangi haikuwepo, na duka gani lingefunguliwa Idi? Hapohapo gari la Janga likapiga honi. Bibi Zaina alikuwa tayari mlangoni, kanga mpya, wanja machoni, mkono kiunoni. Alimwangalia babu, babu akaangalia chini. Mwanangu, mimi nimechapwa, nimepigishwa magoti juani shuleni, lakini hakuna kilichoniuma kama yule bibi alipouliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo haipigi tena?"

Babu akainua uso. Alikuwa anatazama mti alikofungwa mbuzi wa Idi. Mbuzi hakuwepo, alikuwa jikoni, kamba ilibaki.

"Leta kamba ile," akaniambia. "Na wewe mwanangu," akamgeukia mama, "futi yako unayo?"

Mama hatembei bila futi yake ya kupimia nguo. Akaitoa kwenye pochi.

Kumbe pete ya lenzi imeandikwa namba, na namba zile ni mita. Pua mbili hukusaidia kukisia umbali, lakini ukiwa na kipimo huna haja ya kukisia. Babu akasimama mahali pake, akashika mwisho mmoja wa kamba mbele ya kamera. Mimi nikapeleka mwisho wa pili mpaka usoni kwa Bibi Zaina.

"Karibu na jicho," babu akaelekeza. "Usimguse."

"Kamba inanuka mbuzi, bibi, nisamehe."

"We mume wangu," bibi akasema, maana ndivyo anavyoniita, "mnanipima picha au mnanipima sanda?"

Mama akacheka kwanza. Babu akafuata, mpaka dereva wa gari. Mimi nikaipima kamba kwa futi kwenye magoti, nikatamka urefu, babu akazungusha pete. Bibi alikuwa bado anacheka mwenyewe mlangoni, kajishika kifua, pale babu alipobonyeza.

Filamu ikasafishwa Dar. Picha ilitoka safi, mpaka maua ya kanga unayahesabu. Babu anasema katika harusi zote zile hakuwahi kumnasa dada yake akicheka. Kila mara alijikaza kama anaapishwa. Picha ile sasa imetundikwa ukutani Janga, na Bibi Zaina huwaambia wageni kwamba alipigwa kwa kamba ya mbuzi.

Kamera ilirudi kwangu. Likizo nzima niliitoa ile rangi kwa thina na pamba iliyozungushwa kwenye njiti, babu amekaa kando akinywa kahawa na kunisimanga. Ndipo akanionyesha ile shaba niliyoiita uchakavu. Akaweka kidole chake kando ya kitufe, kikakaa sawasawa pale palipochubuka. "Hapa nimeshika mimi tangu ujana," akasema. "Ulitaka kunifuta?" Ngozi inayoifunika kamera pembeni tuliibadilisha kwa fundi viatu, maana ile kweli ilikuwa imeoza. Kidoa cha rangi nyekundu kikajificha kwenye skrubu moja. Nikataka kukitoa, babu akanizuia. "Kiache. Hicho ni chako."

Basi, mwanangu, shika haya. Kabla hujakifanya kitu cha mzee kiwe kipya, muulize kinaona kwa jicho lipi. Kuuliza si ujinga; ujinga ni stika yangu. Uchakavu na alama ya mkono vinafanana, na anayejua tofauti ni mwenye mkono. Ukishaharibu, mficha uchi hazai: peleka mwenyewe, sema kabla hujaulizwa, halafu shika mwisho wa kamba utakaopewa, hata ukinuka mbuzi. Nawe Mungu akupe wazee wenye subira, akujalie picha zisizo na pua mbili.

Wiki iliyopita babu amenipa kamera iwe yangu. Kwa furaha nilimfuata mama, nikamwambia cherehani yake nayo imechubuka kidogo, labda nimsaidie. Mama hakuinua hata uso.

"Mungu akukuze, mwanangu," akasema. "Lakini akukuzie mbali na cherehani yangu."