Salamu ikikatika, anashuka kwenye baiskeli

Saa moja na nusu asubuhi. Alute Mughwai (49) anakanyaga baiskeli polepole kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Sepuka, wilayani Ikungi. Nyuma amefunga tenga lenye kuku kumi na wawili. Mbele ya nyumba ya tofali za kuchoma, Mzee Antipasi anaota jua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama, sijui ninyi."

"Sisi wazima. Mama watoto?"

"Mzima, baba."

"Mbuzi?"

"Wapo, wanakula."

Salamu imeanza Alute akiwa mbali na inaisha akiwa ameshampita mzee, tena baada ya kuulizana hadi habari za alizeti. Amejibu yote bila kusimama wala kutweta. Anageuka kumtazama mwandishi wa makala haya, aliyekaa kivivu nyuma ya bodaboda.

"Umesikia? Sijakata hata moja," anasema huku akicheka.

Kwa mgeni, hiyo ni adabu tu. Kwa Alute ni adabu na ni zoezi la kifua.

Ni mchuuzi wa kuku wa kienyeji kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Ananunua nyumba kwa nyumba na kuwapeleka mnadani. Kabla hajaugua alibeba kuku 30 kwa safari moja, mara tatu kwa wiki, na kila kuku alimwachia kama shilingi 1,500.

Mwezi wa pili mwaka huu alinyeshewa njiani, akapata homa na kikohozi. Zahanati wakamwambia ni nimonia, wakampa vidonge vya siku saba. Siku ya nne akajiona mzima.

"Nikasema vilivyobaki niviweke, vitamfaa mwingine hapo nyumbani," anasimulia, akitikisa kichwa. "Ujuaji wangu huo. Nikafunga tenga, kuku 28, nikaondoka."

Siku hiyo alimpita Mzee Antipasi bila shikamoo. Aliinua mkono tu, kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia.

Huku, kumpita mzee kwa kuinua mkono si jambo dogo. Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea vitongoji vitatu: Alute amepata hela za kuku, sasa hasalimii watu.

"Mimi ndiye niliyesema," anakiri mzee bila kuona haya. "Nilikasirika. Huyu namjua tangu hajaanza kuvaa suruali."

Kina mama wakagoma kumuuzia. Mmoja alimwambia wazi kwamba kuku wake hawapandi baiskeli ya mtu mwenye kiburi. Alute hakupata hata nafasi ya kujieleza, maana siku mbili baadaye alilazwa hospitali, siku tisa. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Ilikuwa nimonia ileile, imerudi na nguvu. Kutoka kilo 67 akabaki na 56, na kikohozi kikamng'ang'ania hadi mwezi wa tano.

Ndipo mkewe, Rahel, alipotafuta mnunuzi wa baiskeli.

"Nilimwambia, Baba Jenipher, tutauza mboga, hatutakufa njaa," anasema Rahel. "Niliogopa sana. Nilishamwona akishindwa hata kuvaa viatu."

Alute alimbembeleza hadi akapewa muda, mwisho mwezi wa nane. Aliahidi kwamba kabla ya hapo atapanda ule mwinuko wa mawe ulio njia ya mnadani, akiwa na mzigo, bila kushuka. Rahel akamjibu, "Tutaona."

Nesi wa zahanati, Felista Mazengo, anakumbuka Alute alivyokuja kuuliza ni lini atabeba tena kuku 30.

"Nikamwambia aanze kwa miguu, kisimani na kurudi. Akizoea, apande baiskeli tupu, kisha aongeze mzigo kidogo kidogo," anasema. "Kipimo chake ni kuongea. Akiongea bila kukata maneno, aendelee. Akikata, ashuke."

Alute akauliza aongee na nani, wakati kuku hawajibu.

"Nikamwambia, si una watu uliowanyima salamu? Anza na hao."

Akaanza na Mzee Antipasi, kwa miguu. Alisema shikamoo, akakohoa mpaka akakaa chini.

"Nikajua, kumbe siku ile mtoto alikuwa anaumwa," anasema mzee. Tangu siku hiyo amejipa kazi, na kila wiki anaongeza maswali. Juzi ameuliza hali ya majogoo, mmoja mmoja.

Leo zimebaki siku mbili mwezi wa nane uishe. Chini ya mwinuko Alute anavuta pumzi, anaanza kupanda. Karibu na kilele, Bibi Eliza amesimama mlangoni kwake, na anajulikana kwa salamu ndefu za kuulizia ukoo mzima.

Shikamoo inapita vizuri. Habari za nyumbani zinapita. Bibi anamuulizia Jenipher, binti yake aliyeko chuoni, Alute anasema "Jenipher yuko," na maneno yanakatika. Zimebaki kama hatua ishirini. Mwandishi, kwa kweli, anatamani akaze.

Alute anashuka. Anasukuma baiskeli, na salamu anaimalizia kwa miguu.

"Ningefika," anasema akijifuta jasho. "Ila hata mwezi wa pili nilijiambia hivyohivyo."

Mchana, baada ya mnada, anamkuta Rahel akipepeta mtama. Anamweleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefeli mtihani.

"Ulishuka mwenyewe?" Rahel anauliza.

"Mwenyewe."

"Hakuna aliyekuambia?"

Alute anamnyooshea mwandishi kidole. Mwandishi anathibitisha. Rahel anaweka ungo chini, anachukua simu na kumpigia yule mnunuzi: baiskeli haiuzwi.

"Mlima hauendi popote," anasema akirudi kwenye ungo wake. "Mimi nilikuwa nangoja kuona kama atashuka."

Tabasamu linamtoka Alute lenyewe. Mipango anayo tayari.

"Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, nitakuwa nabeba ishirini."

"Kumi na tano," anasema Rahel.

"Kumi na nane."

Rahel anamtazama tu.

"Kumi na tano," anasema Alute, na kwenda kuosha tenga.