Mstari Usio na Jina

Edna Ogden alikuwa mtu wa kuzunguka. Akikaa, anainuka, akiinuka, anafuta kabati alilokwisha kulifuta asubuhi. Majirani wa mtaa wao pale Oldham, Uingereza, walidhani ni usafi. Usafi gani! Mwanamke alikuwa hatulii kwa sababu roho yake haikutulia, basi. Alichotaka ni kitu kimoja: mumewe, Cyril, aiache ile mashine yake ya kuchapia, akae naye jioni moja tu, waongee kama watu. Na alikuwa amejiapia kwamba asipoipata jioni hiyo kabla ya Pasaka, anafungasha kwenda kwa dada yake Phyllis kule Morecambe, na harudi.

Cyril hakuwa mlevi wala mhuni. Afadhali angekuwa mlevi, Edna angejua pa kumkamatia. Mchana alikuwa karani kwenye gereji ya mabasi. Jioni alikuwa mhariri, mpiga chapa na mwenye mali wa Kimondo, gazeti dogo la wapenzi wa hadithi za sayari na vyombo vya angani. Haliuzwi hilo. Unachapa lako, mwenzako wa Dundee anachapa lake, wa Bristol lake, yote yanakwenda kwa mkusanyaji mmoja, naye anamrudishia kila mwanachama kifurushi chenye magazeti ya wote. Ukipitwa na siku ya mwisho, umetolewa, na wanaoingoja nafasi yako wamejaa tele. Kwa hiyo sebule ilinuka wino mwaka mzima, na chakula cha Jumapili walikila sahani zikiwa magotini, maana meza ilikuwa ya mashine.

Tena wanachama hao walikuwa na desturi yao moja. Nafasi ikibaki chini ya ukurasa, unachora mistari miwili, na katikati yake unatia maneno uliyoyadaka popote, kwenye basi, baa, hayana kichwa wala miguu, wala jina la msemaji. Wasomaji wanafurahia kukisia. Cyril hakutoka nyumbani bila penseli mfukoni kwa ajili hiyo.

Sasa, Jumapili moja Edna yalimfika shingoni. Alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, akauambia mgongo wa mumewe: "Ningekuwa naishi sayari nyingine, Cyril, ungeshaniandikia barua."

Mkono wa mashine ukaacha kuzunguka. Cyril akageuka. "Umesemaje? Hebu rudia."

Rudia! Tangu lini hajaambiwa neno hilo? Edna akarudia, polepole, machozi yakimlengalenga. Cyril akamtazama vizuri, akaitikia kwa kichwa. "Ee. Nimekusikia."

Wiki nzima Edna hakugusa kabati. Aliimba akiosha vyombo. Barua aliyokuwa amwandikie Phyllis akaiahirisha. Jumamosi, siku ya mwisho ya kutuma, akaoka keki ya tangawizi kwa sukari yao yote ya mgawo wa serikali, akasema mwenyewe kwamba atasaidia kupanga kurasa.

Kupanga ni kazi ya miguu. Kurasa zinawekwa mafungu kuizunguka meza, na watu wanazunguka wakiokota mojamoja hadi gazeti likamilike. Walikuwa watatu, pamoja na Maurice Tapley, rafiki wa Cyril wa mtaa wa pili, mwenye miwani mizito na tumbo lisilojua kukataa.

"Shemeji, unakimbia!" Maurice akalalamika. "Tutakanyagana humu."

"Wewe punguza keki, utanifikia."

Wakacheka wote, hata Cyril. Ni Maurice huyohuyo aliyekwama kwenye ukurasa wa saba. Aliunyanyua hadi puani, kisha akaangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. "Cyril, shetani wewe! Hii umeiokota wapi? 'Ningekuwa naishi sayari nyingine, ungeshaniandikia barua.' Mama yangu! Bibi wa watu kaolewa na bwege gani huyo?"

Edna alimpokonya karatasi, akasoma. Mistari miwili, na maneno yake katikati. Kumbe ile 'hebu rudia' ilikuwa kwa ajili ya penseli! Aliona aibu, aibu ya mtu aliyeoka keki kwa furaha ya bure, kisha hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

"Ni maneno mazuri, Edna," Cyril akaanza kubabaika. "Mazuri mno. Sikuweza kuyaacha."

"Nilikuwa nalia, Cyril."

"Sijaweka jina. Hakuna atakayejua."

"Ndilo hilo hasa!" Akapiga meza, mafungu yakaruka. "Lete kalamu. Maneno yangu, jina langu. Kila nakala."

"Haliwekwi! Desturi yetu—"

"Ama jina, ama ukurasa wa saba wote naupeleka motoni, uone kama watakupokea."

Akakaa. Edna akaandika 'Edna Ogden' chini ya maneno, nakala baada ya nakala, kwa mwandiko wake wa shule, bila haraka. Sasa aliyekuwa anazunguka ni Cyril. "Posta inafungwa, mke wangu. Inafungwa!"

"Utakimbia. Miguu si unayo?"

Maurice alibana kurasa kwa pini, na keki hakuigusa tena. Cyril alifika posta wakiwa wanarudisha mlango.

Wiki chache kabla ya Pasaka barua zikaanza kuja. Siku zote zilikuwa za Cyril. Hizi zilikuwa za Bi. Edna Ogden. Mwalimu mmoja wa Bristol alisema amecheka, kisha ameinuka kwenye mashine yake akamfuata mkewe jikoni. Mke wa mwanachama wa Dundee aliandika kurasa nne, wino umechujuka mahali mahali kwa machozi. Edna alizisoma ametulia kitini, na sanduku lake la safari lilikuwa limeshafungwa, liko chini ya ngazi, mahali ambapo Cyril asingeweza kupita bila kuliona.

"Wanasemaje?" Cyril akauliza hatimaye.

"Acha mashine. Kaa. Nikusomee."

Akakaa. Edna akasoma ile ya Dundee, akaiweka chini, akaendelea kwa maneno yake mwenyewe: nyumba inavyokuwa mtu anapokula peke yake na mwenzake yumo humohumo, alivyoimba wiki ile, mjinga yeye. Cyril alisikiliza, mdomo wazi kidogo. Kisha mkono wake, taratibu, ukateremka mfukoni.

"Cyril. Toa mkono."

Akautoa, na penseli ndani yake. Akaitazama, uso ukamwiva, akaisukuma mezani hadi kwa mkewe. Edna akaitupa motoni.

"Naanza tena mwanzo," akasema.

Kesho yake Cyril alinunua penseli nyingine; wa kubisha nani? Lakini jioni ile alikaa mpaka chai ikapoa, na Edna akalirudisha sanduku juu ya kabati, nguo zikiwa bado ndani.