Gunia la Ndege wa Mbao

Baba yangu ni seremala wa Nyansiongo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya milango ya huko kwetu ilipita mikononi mwake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Msumeno ukawa unauacha mstari, na watu nao wakaanza kununua milango iliyokwisha kutengenezwa mjini. Wateja walipungua mmoja mmoja, mpaka siku moja nikamkuta karakanani ameketi kando ya rundo la vipande vya mbao, anasugua kitu kidogo kwa msasa.

Alikuwa ndege. Alitosha kiganjani, mkia ameuinua. Baba alimchonga kutoka kwa kipande cha mbao ya saiprasi kilichobaki alipotengeneza kitanda cha mtu. Aliniambia kwamba kitu kidogo hakidai mkono uliotulia sana, maana ukikosea unaligeuza kosa kuwa bawa. Alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilisema mzee sasa amerudi utotoni.

Mwaka huo nilikuwa nimechumbiwa na kijana mmoja. Kwao ni Kisii mjini, watu wa maduka na magari, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya afisi Nyamira, najiona si haba. Siku ya wakwe kuja nyumbani ilipopangwa, baba aliniambia atampa kila mgeni ndege mmoja. Wageni walikuwa hamsini. Alianza kazi wakati wa kupanda mahindi na akamaliza tukiwa tunavuna. Kila ndege alimpaka mafuta kwa kitambaa, akamfunga kwa kipande cha gazeti, akamtia guniani.

Niliona haya, na sitaki kulipamba neno hilo. Niliwawazia mama mkwe na dada zake, na mikoba yao, wakifungua gazeti kuukuu na kukuta kipande cha mbao. Kama ni zawadi ya kwetu, si angalau tungewapa vinyago vya mawe ya Tabaka, ambavyo hata wageni wa ng'ambo huvifungasha wakaenda navyo kwao? Kwetu sisi mabaki ya mbao ni kuni. Karakana zote ziko hivyo: jioni vipande vinajazwa guniani, mama wa jirani anapita kuchukua, kesho vinawasha moto wa chai. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo, maana ni mimi niliyekuwa nikiyajaza magunia hayo.

Wageni walikuja siku ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na hatupiki. Asubuhi nilikuwa nikipanga sebule. Gunia la baba lilikuwa pembeni, karibu na kiti alichotengewa baba mkwe, na maandishi ya mbolea ubavuni. Nililibeba nikalipeleka jikoni, ile nyumba ndogo ya moshi nyuma, nikaliegemeza kando ya kuni. Nilijiambia ni kwa muda tu. Sikumwambia mtu kilichokuwa ndani.

Jikoni msimamizi alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Mama yangu alikwisha kufariki, na ni yeye aliyekuja kutoka Kenyenya siku mbili mapema ili tusiaibike. Macho yake hayakuwa mazuri, na moshi ulimzidishia. Saa tano hivi nilienda kuuliza kuku wamefikia wapi. Nilipofika mlangoni nilimwona amechutama mbele ya mafiga, gunia limelala miguuni pake, tumbo limeshanywea.

"Ndugu yangu ni mtu," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake. "Ona venye ametufungia kuni na gazeti, hatusumbuki. Na hii kuni inashika haraka, kaa imepakwa mafuta!"

Akatupa vifurushi vingine viwili. Gazeti likawaka, likajikunja, na ndani ya moto nikaona mkia mdogo ulioinuka.

Ndege wengine walikuwa bado guniani. Ningesema neno moja tu, "Shangazi, acha," tungewaokoa kumi au kumi na watano. Nilisimama pale na neno likiwa mdomoni. Kisha nikahisi kitu ambacho mpaka leo kinanichoma nikikikumbuka: nilifurahi. Mzigo ulikuwa umenishuka, na kwa mkono wa mtu mwingine. Nikajitia hamnazo.

"Kuku wako karibu?" niliuliza.

"Karibu, mwanangu. Nenda ukae na wageni, usinuke moshi."

Nikaenda. Nilikaa na wageni zaidi ya saa moja, nikijua.

Baada ya chakula baba alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na ili mikono isitetemeke mbele ya watu aliishika pamoja nyuma ya mgongo. Alisema yeye si tajiri, lakini ni fundi, na hataki wakwe zake waondoke bila kuona mkono wake. Kisha akamwomba binamu yangu alete gunia. Binamu alitafuta sebuleni, chumbani, karakanani. Aliporudi kutoka jikoni alikuwa nalo tupu, na shangazi nyuma yake, kanga mdomoni, analia kwa sauti.

Watu wa kwetu walimrukia. Mmoja alisema uzee umemwingia kichwani, mwingine akasema mtu wa jikoni hafai kugusa asichotumwa. Mimi nilinyanyuka, nikasema, "Mwacheni shangazi. Hakujua." Watu walinitazama kwa upole. Hakuna aliyeuliza gunia lilifikaje jikoni, na mimi sikuwaambia.

Baba akacheka. "Basi wakwe zangu, zawadi mmeshapokea," alisema. "Kuku mliyekula ameiva kwa ndege zangu." Wageni walipiga makofi. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, na baadaye akaniambia baba yangu ni mtu wa maana sana, angependa sana kuona hao ndege. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile baba hajachonga kitu. Akiulizwa, anasema ni macho. Karakana ameifanya banda la kuku, na anapita hapo bila kutazama ndani. Nimeolewa, nina watoto wawili, na kila nikienda Nyansiongo najiambia leo nitamwambia. Nafika, nakunywa uji, tunazungumza habari za bei ya maziwa, narudi Nyamira.

Mwezi uliopita shangazi alinitembelea. Aliniletea ndizi na akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilimuuliza kwa nini siku hizi haendi kwa ndugu yake. Aliitazama mikono yake.

"Nitaenda na uso gani?" alisema. "Nilichoma kazi ya ndugu yangu. Ni mimi nilimuua mkono."

Nilifungua mdomo. Watoto walikuwa shuleni, mume wangu kazini, nyumba nzima tulikuwa wawili tu. Sijawahi kupata nafasi nzuri kuliko hiyo.

"Lakini wewe Mungu akubariki," akaendelea kabla sijasema. "Siku hiyo wote walinikanyaga. Ni wewe peke yako ulinitetea. Sijasahau, na kila jioni nakuombea."

Kisha akasimama, akanishika mikono yote miwili, akafumba macho na kuomba papo hapo, kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye moyo safi. Alipomaliza alingoja.

Nikaitika amina.