Hibiscus za Maman Simone

Lubumbashi, kitu kikiharibika, watu huangalia kwanza upande wa moshi wa kiwanda. Kikohozi, moshi. Mabati yaliyotoboka, moshi. Mara nyingi hawakosei, na hilo ndilo linalowatia uvivu wa kuendelea kutafuta.

Donat Mwelwa hakuwa na uvivu huo. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo ili asikie ufa, na mwana alirithi tabia ya kutoamini kitu kabla ya kukigusa. Miaka ishirini na sita sasa alitoka Katuba kila asubuhi kwenda kutunza bustani za mtaa wa Golf. Huko walimwita Docteur, na jina hilo ndilo lililomfungulia mageti.

Novemba, baada ya mvua za kwanza, miti mitatu ya hibiscus ya Maman Simone ilitoa majani mapya yaliyojikunja. Maman Simone, mjane mwenye duka la vitambaa, aliipanda mwaka aliofiwa, na aliizungumzia kama watoto waliomaliza shule.

"Docteur, ona. Njo moshi ya usine," alisema. "Maître Stéphane anaandikia usine barua. Avenue yote itatia sahihi. Na weye utatia, comme expert."

Maître Stéphane alikuwa wakili na jirani wa ukuta mmoja. Angefika saa nane na karatasi yake. Donat akaomba aachiwe asubuhi.

Alianza na majani ya zamani. Moshi ungeyaunguza hayo kwanza, ungeyaachia madoa ya kahawia kati ya mishipa. Yalikuwa safi, yenye afya kuliko mtunzaji wake. Akafungua jani changa kwa ukucha. Hakuna mdudu, hakuna utomvu wa kunata, na sisimizi, ambao hawakosi karamu, hawakuwa wakipanda shina. Akachoma udongo kwa kidole: unyevu. Mwishowe akaliinua jani kwenye jua. Mishipa ilikuwa imebanana sambamba kama mbavu za kipepeo cha kujipepea kanisani, na kikonyo kilikuwa kimejipinda. Hapo akaacha kutafuta, kwa sababu alikuwa amepata.

Majani huwa vile yakionja dawa ya kuua magugu. Wiki tatu nyuma alikuwa amezipulizia nyasi za pelouse dawa hiyo. Siku ile bomba lilikuwa kavu, kwa hiyo aliisuuza pampu mara moja tu, kwa maji yaliyobaki kwenye bidoni. Kesho yake akatia ndani maji ya sabuni, akaipulizia hibiscus kuikinga na vidukari. Aliikinga vizuri sana.

Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, Docteur angebaki Docteur, na kiwanda, chenye mengi ya kujibu, kingeongezewa hili moja bila hata kulihisi. Lakini chini ya karatasi ile ya uongo lingekuwa jina lake, na wiki iliyofuata angeitwa kwenye bustani nyingine kwa sababu ya jina hilo.

Saa nane wakili akafika.

"Papa Donat, sahihi yako iko hapa chini. Nimeandika 'jardinier expérimenté', mtunza bustani mwenye uzoefu."

"Haiko moshi, Maître."

"Aba! Njo nini basi?"

"Ni miye."

Akaeleza yote, bidoni nayo. Maman Simone alisikiliza mkono ukiwa kwenye shina.

"Mara moja tu, Papa?"

"Moja, Maman. Inafaa tatu, na sabuni."

"Na wiki tatu yote unapita hapa, minakuita Docteur, unaitika."

Donat akalinyoosha jani moja kwa kidole; likajikunja tena.

"Itakufa?"

"Hapana. Majani yenye kujikunja itabakia vile. Mapya yenye kuya nyuma itanyooka. Tusiikate, tuachie mvua kazi."

Stéphane aliikunja karatasi taratibu. "Miaka yote usine inatupulizia moshi, Papa, na leo njo umeamua kuwa avocat yake, uitetee?"

"Andikeni mabati, Maître. Andikeni kikohozi ya batoto. Hibiscus muniachie miye."

Wakili alienda hadi kwenye geti, akageuka, akashusha sauti. "Na hibiscus yangu? Kwangu pia inajikunja."

"Sijaiona."

"Très bien. Usiione mpaka barua ifike."

Geti lilipofungwa, Maman Simone alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Nilikuwa nataka kukufukuza," alisema. "Kisha nikafikiri, mwingine angetia sahihi." Akaitazama miti yake. "Lakini Docteur imeisha. Nitakuita Papa Donat."

"Njo jina yangu, Maman."

Alisema hivyo kwa utulivu. Ni jioni tu, akirudi Katuba, alipogundua kwamba lile jina jingine, Docteur, alikuwa akilipenda kuliko alivyowahi kukiri moyoni.