Santuri za baba yangu zinafukuza ndege shambani

Admin, jina langu liweke pembeni, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka mbuzi wa jirani. Na ninyi mnaosoma, nivumilieni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na tisa. Nimezaliwa Nambis, Mbulu, nikaolewa Gendabi kule Hanang, tunalima na kufuga.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa matrekta. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano Hanang, na bosi wake mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia gramafoni na santuri moja ya bendi ya kwao. Ni bendi ya rock isiyo na mwimbaji. Wimbo unaanza mpaka unaisha ni magitaa na ngoma tu, hakuna anayefungua mdomo. Baba Kiingereza hakujua, na Kiswahili chenyewe alijifunzia kazini. Alikuwa anasema, "Hawa ndio wanamuziki wangu. Hawasemi Kiingereza, hawasemi Kiswahili, hawasemi Kiiraqw. Hakuna anayewaelewa kunizidi mimi."

Bendi ile haikufa. Wazee wakistaafu wanaingia vijana, wanaendelea kurekodi, na baba akaendelea kutafuta. Aliagiza kwa watu wanaokwenda Arusha, aliulizia minadani, alibadilishana na wapenzi wengine wa santuri. Aliwahi kutoa beberu kwa santuri moja, mama akanuna mpaka majirani wakajua. Mimi ndiye nilikuwa mwenzake. Kaka yangu, maana tumezaliwa wawili tu, aliziita kelele za wazungu akatoka nje. Nilipopata simu ya kisasa nikaanza kumtafutia mtandaoni. Siku tuliyopata ile ya zamani aliyoikosa miaka yote, baba aliishika kifuani akalia kama mtoto.

Siku hiyohiyo, mama akiwa anapakua ugali, baba akamwambia mbele yangu, "Mama watoto, sikia. Nikiondoka, nyumba na shamba ni vya kijana. Santuri, kaseti, CD, zote ni za huyu binti. Asiziguse mtu mwingine."

Mama akajibu, "Nimesikia."

Baadaye baba akapata kiharusi, upande mmoja ukapooza na ulimi ukafungwa kabisa. Watu walikuja kumwona wakamwongelesha kwa sauti kubwa kama vile ni kiziwi. Mimi nilikuwa natoka Gendabi, naingia, naweka santuri, basi. Mkono wake mzima ulikuwa unafuata gitaa juu ya blanketi, wala hakosei. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu mpaka alipofariki.

Tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo wakakaa kugawa urithi. Sikuomba shamba wala ng'ombe. Niliomba alichonipa baba. Kaka akacheka. "Wewe umeolewa, una kwako. Mtoto wa kike anabeba nini kwa baba yake? Na nani alisikia hayo maneno?"

Nikamgeukia mama. "Mama, waambie baba alisema nini."

Mama akavuta shuka lake begani, akaangalia chini. Akasema, "Mimi sikumbuki."

Ndugu zangu, nilizika watu wawili mwaka ule.

Nilirudi Nambis ngano ilipokaribia kuiva, kwa sababu ya ndoa ya binamu yetu. Nikiwa bado barabarani niliona vitu vyeusi vinazunguka kwenye kamba shambani kwa kaka, vingine vinameremeta. Nikasogea. Zilikuwa ni santuri za baba. Zimetobolewa kwa msumari wa moto, zimefungwa kamba ya katani, zimepinda kwa jua kama chapati. Zile zinazometa ni CD. Majalada mke wa kaka alikuwa anawashia moto.

Nilimwamkia kaka, "Shikamoo." Badala ya kuitikia akasema, "Umeona? Ndege hawasogei. Angalau sasa zina kazi."

Niling'oa moja, ile aliyoililia baba, nikaondoka bila kwenda harusini. Nilijaribu kuipiga kwenye gramafoni ya kuazima. Sindano iliruka, haikushika popote.

Tangu siku hiyo sijakanyaga Nambis. Kaka simpigii, na mama nikimpigia namsalimu tu nakata.

Sasa juzi mama mwenyewe akapiga, analia. Anasema mke wa kaka anamnyima chakula, kaka amemhamishia kwenye kijumba cha kuku, na wazee wa ukoo walewale wakiambiwa wanasema ni mambo ya nyumba ya mtu. Akaniomba aje kuishi kwangu.

Nikamuuliza, "Mama, siku ile hukukumbuka kweli?"

Akasema, "Nilikumbuka mwanangu. Neno kwa neno. Lakini nyumba ilikuwa ya kaka yako. Ningelala wapi?"

Mume wangu anasema, "Huyo ni mama yako, kesho naenda kumchukua." Ni mtu mwema, na mimi sitaki mama alale na kuku. Lakini ninajijua. Nitampikia, nitamfulia, nitampeleka hospitali, na kila nikimwangalia nitasikia lile "sikumbuki" lake. Naogopa atakufa mikononi mwangu ameshiba, na mimi bado namchukia. Pia naogopa kumwacha, maana nikimwacha nimekuwa sawa na kaka.

Ninyi mliowahi kuumizwa na mzazi kisha akawarudia, semeni nami. Mume wangu anaondoka alfajiri. Nimwambie aende, au nimwambie abaki?