Pedi za Mashindano

Kwa miaka ishirini na mbili gereji yangu imepakana na ya Fundi Breki. Mimi nanyoosha bodi zilizobondeka, yeye alikuwa akishughulika na breki tu, kwa hiyo nilikuwa nakula kwa magari yaliyochelewa kufika kwake. Tulitaniana hivyo kila asubuhi. Siku hizi hatutaniani.

Kama fundi, alikuwa mtu wa ajabu. Alikataa kazi. Akija mtu na picha ya diski kubwa za breki zenye matundu, anataka afungiwe akatambe nazo mjini, humuuliza kwanza anaendesha wapi. Akisikia ni nyumbani na kazini, humwambia abadilishe mafuta ya breki, aweke pedi nzuri za kawaida na tairi zisizo na kipara, aende zake.

Aliyekubali kumfungia breki za mashindano ni mmoja tu, shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo alishindana kweli mbio za magari, na huko zilimfaa: mzunguko wa ishirini gari linasimama kama mzunguko wa kwanza, wakati breki za kawaida zingekuwa zimeshachemka na kulegea. Ila pedi zile hazishiki mpaka zipate moto. Zikiwa za baridi, unakanyaga na gari linaendelea na safari yake. Kwa hiyo walikubaliana: Ijumaa anafungiwa za mashindano, na Jumatatu, kabla hajaenda popote, analileta gari polepole na kurudishiwa za kawaida. Kazi ya nusu saa.

Jumatatu moja shemeji hakutokea. Fundi Breki akampigia simu, mkewe ameketi palepale kwenye benchi na chupa ya chai aliyomletea, nami nasikia.

"Shemeji, usizunguke na hiyo gari. Hizo pedi zikiwa baridi, huna breki."

Akajibiwa kwamba atapita mchana, na asimfundishe mtu kuendesha.

Asubuhi ileile shemeji alimpeleka mama yake kliniki. Kwenye makutano ya kwanza kutoka nyumbani alikanyaga breki, gari likaingia ubavuni mwa lori. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo mtupu. Asiyesikia anatembea vizuri mpaka leo. Guu lililovunjika, paja na goti, ni la mama yake.

Gari lililetwa kwangu. Nilifungua matairi kwa mikono yangu na kuzikuta pedi za mashindano humo, nzima kabisa.

Familia ikaitisha kikao. Shemeji akasema breki zilikataa, basi. Fundi Breki akaeleza habari ya baridi na moto, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mjomba mmoja akamuuliza, yaani za bei mbaya zishindwe na za bei chee? Watu wakacheka. Nami nikasema niliyoyaona, wakaniambia fundi hamtupi fundi mwenzake.

Mwisho Fundi Breki akamgeukia mkewe. "Mama watoto, hebu waambie nilimwambia nini kaka yako."

Mkewe akasema hakusikia vizuri, gereji ilikuwa na kelele. Kelele za gerejini ni za nyundo yangu, na asubuhi ile nyundo yangu ilikuwa chini. Nilitamani kumtukana.

Waliporudi nyumbani hakujitetea. Alimwambia mumewe, macho makavu, "Wewe watakusamehe. Kaka yangu wasingemsamehe."

Hili Fundi Breki alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Wateja walishakimbia, sasa anabadilisha oili na kuziba pancha. Na ndiye anayempeleka mama mkwe kliniki kila wiki, maana kijana wake ana shughuli. Mama akishaketi na mguu wake kunyooshwa, humpigapiga mkono na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye kinyongo hana, ameshamsamehe.